Shati la Kupokelea Wakwe

"Baba, vua basi hilo shati!" Nyanjige alipiga kelele mlangoni, lakini Luhaga alikuwa ameshateremka bondeni, beleshi begani, na mvua ya Bariadi ikimtwanga mgongoni bila haya.

Choo cha gesti ya jirani kilikuwa kimefurika. Gesti yenyewe ilichipuka msimu ule biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nao wakamiminika mjini. Ilijengwa haraka haraka, shimo lake likachimbwa juu kidogo ya kijito, na sasa uchafu ulikuwa ukiteremka kuelekea kivukoni. Siku nyingine Luhaga angengoja mvua ikatike. Leo hapana. Wakwe walikuwa njiani kutoka Migato na ng'ombe wa mahari wa Nyanjige, na ng'ombe aliyetembea tangu alfajiri akifika majini haulizi mtu, anakunywa.

Ng'ombe wa mahari waharishe uani kwa bibi harusi! Wazee wangesema nyumba ina mkosi, wangewaswaga wakarudi nao kwao, na ndoa ingeishia hapo.

Kulikuwa na la pili. Luhaga alikuwa mtapishaji wa vyoo: choo kikijaa, alichimba shimo jingine kando yake na kuuhamishia uchafu humo. Kwa wakwe alijitambulisha kuwa mchimba visima. Shimo ni shimo tu, alijifariji.

Alichimba mfereji wa kuupeleka uchafu kwenye shimo lililoachwa na wafyatua matofali. Tope likamrukia hadi masikioni, shati jeupe likawa na rangi isiyotajika mbele za watu. Na bado, Mungu amsamehe, alikuwa na raha. Mikono yake ilikuwa ikifanya inachokijua.

Filimbi za wachungaji zikasikika. Ng'ombe wakatokea ng'ambo, na mbele yao Mabula, baba wa bwana harusi, kofia yake mpya ikichuruzika maji.

"Wazuie, mkwe!" Luhaga alipaza sauti. "Wasinywe! Choo kimefurika!"

Mabula aliwapigia wachungaji ukelele wawazuie, akavuka, akamtazama mwenzake toka juu hadi chini.

"Mwadila, mkwe," alimsalimu Kisukuma.

"Mwadila."

"Kisima chenyewe ndicho hiki?"

Luhaga aliona aibu, akalichomeka beleshi topeni. Nyanjige alikuwa amefika ukingoni, khanga mdomoni.

"Mimi natapisha vyoo, mkwe," alisema. "Niliogopa mtamkataa mtoto."

Mabula alikunja uso. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka hadi ng'ombe wakageuza vichwa.

"Nami nilikuja nimejipanga kukuomba unichimbie kisima!" Akavua kofia, akavua viatu, akamgeukia Nyanjige. "Lete jembe, ng'wanawane, mwanangu. Ng'ombe wangu wana kiu."

Wakachimba wote wawili. Mabula alianzisha wimbo wa kulimia, wachungaji wakaupokea toka ng'ambo, na Luhaga, ambaye hakuwahi kuimbiwa kazini maisha yake yote, akacheka huku machozi yakimtoka. Uchafu ulikunja kona, ukaingia shimoni. Mvua ikapungua, na kijito kikapita kivukoni kama kawaida yake.

Nyanjige alileta birika la maji na sabuni. Wazee walinyoosha mikono pamoja, wakisukumana na kubishana nani ananuka zaidi. Akamimina. Maji yalidondoka meusi, akamimina tena, na ng'ambo ng'ombe wa kwanza akainamisha kichwa, akanywa.