Nyuma ya Sikio la Kushoto

Daw Mya Yin alikuwa amebakiza mahali padogo kama ukucha, nyuma ya sikio la kushoto, lori la hekalu lilipokuja kuchukua sanamu ya jiwe ya Buddha. Kwa miezi minne alikuwa ameisugua kwa msasa na maji, kuanzia nyayo.

"Mniachie mpaka Jumamosi," aliomba.

"Nani atachungulia huko?" aliuliza U Sein Pe, shemeji yake, aliyeichonga. "Wewe shemeji ulifaa uwe daktari wa masikio."

"Na wewe ulifaa uwe na haya. Umemchongea Buddha masikio marefu asikie shida za watu wote, halafu moja unaliacha kama gome la mti!"

Lori likaondoka. Watawa wakaisomea sanamu sala ya kufungua macho, ambayo baada yake jiwe huhesabiwa kuwa Buddha mwenyewe, ikapandishwa jukwaani. Kwenye uzio wa mbele kulikuwa na kibao: WANAWAKE MWISHO HAPA. Daw Mya Yin alikaa nyuma ya kibao siku mbili, msasa kikapuni. Alitaka kumaliza kazi yake, basi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, sanamu iliinua ule mkono wa kulia unaogusa chini kuiita ardhi kuwa shahidi, ikajishika goti, ikasimama. Ilishuka ngazi taratibu, ikaketi mbele ya Daw Mya Yin na kumwinamishia sikio. Wanawake wakasogeza mikeka kuipisha.

Kabla hajalowesha msasa, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, U Pho Lone, alifika na wanakamati wake. Waliung'oa uzio, wakausimika kati ya sanamu na Daw Mya Yin.

"Rudi nyuma, mama. Sheria haiangalii Buddha kakaa wapi."

Kesho yake sanamu ilimfuata tena, na uzio nao ukafuata. Ulifika langoni, kisha barabarani, ambako muuza chai alilalamika kwamba wateja wake wa kike wanakunywa wamesimama. Siku ya saba sanamu iliingia karakana ya U Sein Pe, ikaketi juu ya gunia ililokalia ilipokuwa ikichongwa. Kamati ikatundika kibao kile kile mlangoni.

Daw Mya Yin, aliyefanya kazi humo miaka thelathini, alikisoma akiwa nje. Kilimuuma sana.

"Shemeji, nipitishie chai yangu basi."

Akapitishiwa dirishani. Sanamu nayo ikatoa sikio hapo hapo. U Pho Lone aliinama mbele yake mara tatu, akairudisha kichwa ndani kwa adabu, akafunga dirisha.

Alasiri U Sein Pe alimsukumia nje sanamu nyingine. Mwili na masikio vilikuwa tayari, uso ungali bonge.

"Huyu ruksa," alisema bila kumtazama. "Bado hana macho. Ni jiwe tu."

"Akishaona, nitaondoka."

Daw Mya Yin alikunja sketi yake ndefu, akachuchumaa kando ya njia. Safari hii hakuanzia nyayo. Alilowesha msasa, akaanzia nyuma ya sikio la kushoto.