Chini ya Mada ya Kuchelewa

"Hakuna," alisema, akavua hedifoni na kuzitua mezani kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Chini ya Ndoa hakuna."

Mwenzake hakugeuka. Walimwita Redio, kwa kuwa alianza kuongea asubuhi akivua koti na kunyamaza jioni akilivaa.

"Dada, Ndoa si uliimaliza wiki jana?"

"Nimerudia."

"Haya. Rudia na Mazishi basi, tujue moja."

Walikuwa wawili tu katika chumba kile cha chini kabisa cha chuo, kisicho na dirisha, chenye feni iliyozungusha hewa ile ile ya jana. Kazi yao ilikuwa kusikiliza watu. Daktari, mwenye utafiti, alimpa kila mtu neno moja, labda mvua, labda chumvi, kisha akamwomba asimulie kumbukumbu ya kwanza iliyomjia. Alitaka kujua akili ya mtu hushika wapi inapotafuta jambo lililopita. Kisha wao wawili wakagawana rekodi, kila mmoja akisikiliza zake na kuziandikia mada. Rekodi moja, mada moja. Ndiyo ilikuwa sheria. Majina yalifutwa, kwani wasimulizi waliahidiwa hivyo. Ukimtaka mtu humwiti kwa jina. Unataja mada, unasubiri uone nani ataitika.

Na mmoja wa watu wale alikuwa mume wa huyo dada.

Alikuwa fundi rangi. Alikuja kupaka korido za chuo, Daktari akamkamata brashi ikiwa bado mkononi. Jioni ile, akinawa, alimwambia mkewe, "Leo nimepewa neno moja tu, nikaongea mpaka nikajishangaa." Neno gani? Akacheka. Mke alikuwa na sufuria motoni, hakuuliza mara ya pili. Mwezi haukuisha, fundi akaanguka kutoka kwenye ngazi, wakamzika. Simu yake ya tochi haikuhifadhi sauti ya mtu yeyote. Picha zilikuwepo, lakini picha hazisafishi koo kabla ya kusema.

Tangu hapo mjane alikataa kila alipotakiwa kuhamia ofisi za juu. "Mama, utaota ukungu huko chini," binti yake alimwambia, naye akajibu kwamba amezoea. Kila asubuhi alishuka, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake, na watu wasiomhusu wakamjaa masikioni na ajali zao, harusi zao, mbwa wao waliopotea. Ilikuwa kama kubisha hodi nyumba hadi nyumba, na kila mlango ukafunguliwa na mgeni anayekukaribisha kwa moyo wote. Alitafuta chini ya Kazi. Chini ya Safari. Chini ya Watoto alikaa muda mrefu, akatoka macho mekundu na mikono mitupu.

Leo utafiti ulikuwa unafungwa. Kabla ya jioni mashine zingebebwa, na rekodi zisingesikilizwa tena na yeyote.

"Redio, fikiria vizuri. Mwanamume anayesafisha koo kwanza."

"Dada yangu, wanaume wote husafisha koo wakiulizwa ukweli." Redio akasukuma kiti chake karibu. "Mimi nikuulize. Alikuwa na ubaya gani?"

"Hakuwa na ubaya."

"Tuko chini ya ardhi, hakuna anayetusikia. Mume gani asiye na ubaya?"

Alifikiri. "Alikuwa anachelewa kurudi. Kila siku ya Mungu. Chakula kinapoa, mimi nagombana na sufuria."

Redio, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Kuchelewa ninayo. Nimeijaza mwenyewe."

Akaihamishia kwenye mashine ya mwenzake, naye mjane akavaa hedifoni. Akamsikia msichana aliyekosa mtihani, mzee aliyeachwa na treni, mwingine aliyekuta mama yake ameshakata roho. Halafu mtu akasafisha koo.

"Mlango," alisema fundi. "Eh. Basi mlango wangu mwenyewe. Tulizika mtoto wetu wa kwanza, hata jina hajapewa. Mke wangu hakulia mbele yangu. Lakini nikirudi kazini, nikifika mlangoni, namsikia ndani analia. Nikiingia atanyamaza, atajifuta, ataniletea maji. Nikaona nikiingia namnyima. Basi nasimama nje, nimeshika fremu, mpaka amalize mwenyewe. Ndipo nabisha. Ananifokea, umechelewa tena! Namwambia, kazi, mke wangu." Akacheka kidogo. "Ikawa mazoea. Hata sasa, na binti yetu ameshakua, nasimama kwanza. Nasikiliza."

Mjane alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yale madoa ya vidole kwenye fremu, upande wa nje, usawa wa bega! Miaka yote aliyasugua kwa sabuni, akimsema mtu asiyejua kunawa.

"Ndiye?" Redio alinong'ona.

Mlango ulifunguliwa, Daktari akaingia na wabebaji wawili.

"Mama, samahani. Tuanze na mashine yako."

"Bado."

"Kuna rekodi ya kusahihisha?"

"Bado, Daktari."

Redio akainuka, akasimama katikati. "Anzeni na yangu, jamani. Yangu nzito, imejaa maneno."

Masikioni mwa mjane rekodi ilikuwa haijafika mwisho. Kiti kilikwaruza sakafu. Fundi akasafisha koo.

"Naweza kwenda sasa?"

Hapo ikakatika, kabla hajajibiwa.

Akairudisha nyuma kidogo. Kiti. Koo. "Naweza kwenda sasa?"

Nyuma yake waya zilikuwa zinachomolewa ukutani, moja baada ya nyingine. Akairudisha tena, akafumba macho. Kiti kilipokwaruza, alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu.