Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Majaribio

Ofisini walimpachika jina la Redio, na kusema kweli hakuonewa. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya mtu anayejaribu programu mpya ya simu, ampe jambo moja la kufanya, kisha afunge mdomo. Mtu ahangaike, apotee, aseme kwa sauti lolote linalompitia kichwani. Hapo ndipo wabunifu huona walipokosea. Lakini Redio akiona mtu anahangaika, roho humuuma na kidole humtangulia: bonyeza hapo, mama, siyo hapo, hapo. Majaribio yakaharibika hivyo mara kadhaa. Mkuu wa kitengo, aliyebuni kurasa zote mwenyewe, akamwambia akitamka neno moja tu tena, kazi hiyo atapewa mwingine. Na Redio aliipenda mno ile kazi.

Siku hiyo mtu aliyealikwa hakutokea. Aliyetokea ni mama mkwe wa Redio, amefuata ufunguo wa nyumba. Mkuu akafurahi, akamkaribisha kitini, akamwomba apange miadi ya daktari wa macho kwa programu yao, kwenye simu ya ofisi.

Hapo Redio akajikuta mtegoni. Ukimwacha mama mkwe ahangaike mbele za watu, jioni utarudi nyumbani kwa uso gani? Nyumbani simu ya mama ikilia, Redio ndiye huidaka, akapokea, akabonyeza, akamrudishia. Hiyo ndiyo heshima aliyoijua. Leo ilibidi aikalie mikono yake.

Mama akachagua siku, akachagua saa, akakwama. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa chini kabisa, rangi ya kijivu iliyofifia. Akakipita. Akarudi nyuma, akakipita tena.

"Nafikiri," mama akasema, maana aliambiwa aseme kila anachofikiri, "nafikiri mkwe wangu leo anaumwa. Siku nyingine ningekuwa nimeshanyang'anywa simu." Akasogeza ukurasa taratibu. "Nafikiri ndiyo maana mpaka leo sijui kuitumia. Ananipenda, lakini hanipi nafasi."

Maneno yale yalimchoma Redio. Majibu alikuwa nayo tele mdomoni. Akayameza yote.

 Mkuu, aliyesimama nyuma yao, hakutulia. Mara akohoe, mara ashike kiuno. Mama alipokipita kitufe kwa mara nyingine, uvumilivu ukamshinda.

"Hicho cha kijivu, mama. Hicho hapo chini."

Ofisi nzima ikamgeukia. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Hiki nimekiona tangu mwanzo, mwanangu," mama akasema. "Nikajua kimezimwa. Kitu kilichozimwa unakibonyeza cha nini?"

Mkuu akainama kukitazama kitufe chake, kisha akaangua kicheko mwenyewe. Akasema kitabadilishwa rangi leo leo, na kwamba Redio haondoki kwenye kiti kile. Anayefaa kutolewa chumbani ni yeye mkuu mwenyewe.

Mama hakuwa na habari nao. Alikwisha kurudi mwanzo, akachagua siku, akachagua saa, akakibonyeza mwenyewe. Miadi ikakubali. Akatoa simu yake mkobani, akaiweka juu ya meza.

"Sasa nataka kujifunza na hii yangu," akamwambia Redio. "Na wewe mwanangu, kaa hivyo hivyo, karibu yangu."

Redio akasogeza kiti, akakaa.