Farasi Aliyetulia Mno

Baba alikwenda kununua farasi akiwa na pete ya ngozi begani. Ilikuwa ya farasi wetu aliyekufa wiki tatu kabla: pete nene iliyojazwa manyoya, ambayo farasi huvalishwa shingoni ili avute mkokoteni bila kuchubuka. Bado ilinuka jasho lake. Njia nzima baba hakukubali nimpokee, ingawa alichechemea kila hatua.

"Ikimtosha, tunamchukua," alisema tulipofika langoni. "Isipomtosha, tunamchukua vilevile."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Jumamosi. Msimamizi wa kiwanda cha matofali alikuwa amempa mpaka Jumatatu asubuhi. Mkokoteni wetu usipoonekana siku hiyo, kazi ya kusomba matofali, aliyoifanya miaka kumi na tisa, ingechukuliwa na mwenye lori. Hakuwa na kazi nyingine ya kushika. Nyonga yake ilivunjwa zamani na teke la farasi mkali, na daktari alimwambia ikivunjika tena asahau kutembea. Kwa hiyo alihitaji farasi, na alihitaji farasi mpole. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimesomea afya ya wanyama chuoni. Alisahau kwamba mitihani ya kuandika niliifaulu vizuri, ila ile ya kusimama mbele ya watu nikajieleza ilinishinda hadi machozi.

Muuza farasi walimwita Asali, kwa jinsi alivyoongea.

"Karibu mzee wangu! Na huyu ndiye daktari? Leo nimepatikana!"

Niliangalia viatu vyangu.

Alimtoa bandani farasi dume mwekundu, aliyehasiwa, wa miaka minne, ambaye hajawahi kuvuta kitu maishani mwake. Nilianza chini, kama tulivyofundishwa. Kwato zilikuwa ngumu, hazina ufa. Miguu ya mbele ilinyooka, magoti mapana na makavu, hakuna uvimbe nilipopapasa mishipa. Mgongo mfupi, kifua kipana, bega limelala vizuri kwa kuvuta. Nilifungua mdomo wake nikatazama meno; umri haukuwa uongo. Nikaomba atembezwe. Alitembea sawa, miguu yote inagusa chini kwa uzito uleule.

"Umbo lake ni zuri," nilimnong'oneza baba.

"Sema kwa sauti, daktari, na sisi tunufaike!" Asali alisema.

Baba alianza mtihani wake mwenyewe. Alifungua mwavuli ghafla mbele ya uso wa farasi. Sikio moja liligeuka, basi. Akagonga debe kwa fimbo nyuma yake. Farasi alihema. Akamtupia gunia mgongoni, likateleza mpaka chini, na yule mnyama hata mkia hakuupunga.

"Huyu ukimpigia baragumu sikioni atakuuliza saa ngapi," Asali alisema.

Baba alicheka mpaka akashika nyonga yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu farasi wetu alipoanguka barabarani. Kisha akanyanyua pete, akamvalisha, akapitisha kiganja kati ya ngozi na shingo, kama alivyofanya kila asubuhi ya utoto wangu. Kiganja kilipita bila kubanwa na bila kulegea.

"Kama ameshonewa," alisema. "Mwanangu, kama ameshonewa."

Hapo ndipo nilipotamani sana ningekuwa sijasoma. Farasi wa miaka minne hawi hivyo. Hata aliye mpole hukutazama, hukunusa, hutaka kujua wewe ni nani. Huyu alisimama kama amesahauliwa. Nilimfinya ngozi ya shingo chini ya pete, nikaachia. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Niliinua mdomo wake nikagusa ufizi, kidole kilinata: mwili ulikuwa umekaukiwa maji. Nikachungulia bandani. Ndoo ilikuwa kavu, na buibui alikuwa ametanda utando kuanzia mpini mpaka ukutani.

Asali aliniona nikichungulia. Hakutabasamu.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Nilimtazama baba, amemwegemea yule farasi kama mtu aliyefika nyumbani, nikajikaza kisabuni.

"Naomba maji."

"Ya kunywa? Ingia ndani, chai ipo."

"Ya farasi."

"Amekunywa asubuhi, binti."

Nilichukua ndoo mwenyewe, nikafuta utando kwa kanga yangu, nikaenda bombani. Nilimpa kidogo, nikangoja, nikampa tena. Alivyokunywa ilitisha kumtazama. Alisukuma ndoo kwa pua, akailamba hadi chini, akainua kichwa kunitazama kwa mara ya kwanza. Asali alisema tunampotezea muda, ana wateja wengine, ila wateja hatukuwaona. Baba alimvua pete, akaitundika kwenye nguzo ya zizi, akaketi juu ya debe. Tulikaa karibu saa mbili.

Baada ya ndoo ya tatu, masikio yalisimama. Macho yakang'aa. Farasi akaanza kuzunguka kisiki alichofungiwa kamba, akipuliza pua. Kisha kwenye nyumba ya jirani mtu akatupa mabati chini.

Alisimama kwa miguu ya nyuma. Kwato zake ziliipiga nguzo, ikakatika kama muwa. Alishuka, akarusha mateke mawili ukutani, mahali palepale baba alipokuwa amesimama na mwavuli, na aliporuka pembeni pete ilikuwa chini ya kwato zake. Ilipasuka, manyoya yakamwagika kwenye matope. Baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye debe. Nilimkimbilia. Hakuwa ameumia.

"Nani alikutuma uombe maji?" aliniuliza, akiwa bado chini.

Nilimshika mkono nimwinue.

"Si mkali, baba. Anaogopa tu. Akipata mtu wa kumfundisha taratibu, miezi mitatu—"

"Mimi nina siku mbili."

Asali alishapata tena sauti yake tamu. "Mzee wangu, nakupunguzia. Na siri ya kumtuliza sasa unayo."

Baba alimtazama farasi. Kisha akasema polepole, bila kunitazama mimi wala Asali, "Tungeweza kumpa kidogo. Kidogo tu. Asubuhi nusu ndoo. Akae vile alivyokuwa."

Huyu ni mtu aliyelala bandani siku nne, kichwa cha farasi wetu kikiwa mapajani mwake, akimnywesha kwa kikombe.

"Nani atamnyima?" nilisema. Sauti ilitoka kubwa, sikuizoea. "Mimi siwezi. Utamnyima wewe, baba? Kila asubuhi, akikuangalia?"

Alitazama mikono yake kana kwamba amekuta imeshika kitu asichokijua. Halafu akaanza kuokota manyoya kwenye matope, nyoya moja moja, akiyarudisha ndani ya pete iliyopasuka. Niliinama nikamsaidia. Mengine hayakushikika.

"Basi," alisema.

Tulipofika langoni alisimama. Nilidhani nyonga. Akanipa pete, akarudi peke yake akichechemea, akachukua ile ndoo, akaijaza bombani na kuiweka chini kwa mbali, mahali kamba ya farasi ilipofika na teke lisingefika. Asali alimwuliza kama amebadili mawazo. Baba alikuwa ameshageuka kuja kwangu.

Farasi alimngoja aondoke, ndipo akainamisha kichwa.

Njiani pete niliibeba mimi, na safari hii hakuidai. Tulipita mbele ya kiwanda cha matofali. Lori lilikuwa limeshaegeshwa ndani ya uzio, jipya, limeoshwa, na dereva wake alimpungia baba mkono kwa heshima, kama mtu anayempungia mzee wa zamani. Baba naye akampungia.