Sentensi ya Kamera

Nilikwenda kwenye lile kongamano nikimwomba Mungu lishindwe. Wenzangu walilipa kiingilio ili wajifunze kuandika programu moja ikafanya kazi kwenye Android na kwenye iPhone. Mimi nililipiwa na kampuni, na nilichokitaka ni mtu mmoja tu mwenye akili zake asimame mbele aseme haiwezekani.

Kampuni yetu inasambaza mitungi ya gesi. Dereva anaskani kibandiko cha mtungi kwa simu, ofisini wanajua umefika wapi. Programu yenyewe iko mara mbili: ya Android anaiandika shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, na ya iPhone naiandika mimi. Bosi hakuwahi kuwa na neno, mpaka aliposikia huko kwenye maongezi yake kwamba siku hizi mtu unaandika mara moja, basi. Akatuita ofisini.

"Nendeni mkasikilize," akasema. "Kama kuskani kunafanya kazi kwenye simu zote mbili, nabaki na mmoja wenu."

Mmoja wetu. Shemeji ni mjane, anamtunza mama yao. Mimi nina mtoto mchanga, na matangazo ya kazi niliyoanza kuyachungulia yote yanataka mtu anayejua kila kitu na ambaye bado hajaota mvi. Kwa hiyo tulikubaliana bila kubishana: tukirudi, tutasema kuskani ndiko kunakokwama. Shemeji aliapa kwa jina la marehemu mumewe.

Tatizo ni kwamba Shemeji hajui kwenda mahali nusunusu. Alikaa safu ya mbele, akauliza maswali, na wakati wa chai aliwaganda watoa mada mpaka kwenye foleni ya msalani. Mimi nilikusanya fulana za bure.

"Shemeji, utarudi na fulana tu, kichwani hamna kitu," akanitania.

"Nikiweka kitu kichwani, nyumbani watakula nini?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Siku ya mwisho Bosi alitutokea ukumbini bila taarifa, akajibana katikati yetu. Mbele alikuwa bwana mmoja mpole, sauti kama ya msoma taarifa ya habari, ameshika simu mbili, na kila alichofanya kilionekana kwenye skrini kubwa. Programu moja, simu mbili. Akaielekeza Android kwenye kibandiko cha boksi, ikalia, namba ikatokea. Akachukua iPhone. Programu ikajifunga. Akaifungua tena, ikajifunga tena. Bwana wa watu akaanza kutoka jasho.

Kosa nililiona palepale. iPhone hairuhusu programu iguse kamera mpaka uandike sentensi ya kumweleza mwenye simu kamera inatakiwa kwa kazi gani. Usipoiandika, simu inaizima programu papo hapo. Ni kosa la kila mtu aliyezoea Android. Nikauma ulimi.

"Kumbe kweli inakwama," Bosi akanong'ona.

Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu tuitwe ofisini. Nilimpenda yule bwana na jasho lake.

"Hujaandika sentensi ya kamera."

Alikuwa Shemeji. Alikuwa amenyanyuka kidogo kwenye kiti, kidole mbele, anamtajia mtoa mada faili na mahali pa kuiandika. Alijua kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, wakati mke wangu amejifungua na yeye ananishikia kazi. Bwana akaandika, tukasubiri programu ijengwe upya, akaielekeza iPhone kwenye boksi. Ikalia.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Shemeji alitabasamu uso mzima, lile tabasamu la mtu aliyeona kosa limetoka. Nalijua, hata mimi ninalo. Kisha akanitazama, likamfia usoni. Nilimchukia sana pale, sitaki kudanganya.

Bosi alimpiga begani. "Jumatatu anza kuiandika upya, peke yako. Mwenzako atakukabidhi ya kwake, halafu tutaagana naye vizuri." Aliyasema hayo nimekaa ubavuni mwake, kama vile mimi ni begi la mtu lililosahaulika kwenye kiti.

Kwenye korido Shemeji alinishika mkono. "Nisamehe. Nimeona kosa, mdomo ukatangulia."

"Najua," nikasema. Na kweli nilijua. Ningemtukana, ningepata nini?

Simu yangu ikaita. Mke wangu.

"Vipi, imekataa?"

"Imekubali."

"Mungu wangu. Sasa?"

"Bosi anabaki na mmoja."

Nikamsikia mtoto analia nyuma yake, na yeye anambembeleza kabla ya kunirudia.

"Usihangaike, mume wangu. Si dada yupo hapo? Dada hawezi kukubali wakutoe. Hebu nipe niongee naye."

Nikampa simu. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akasema, "Haloo, mdogo wangu." Mke wangu akiwa bado anaongea, akanirudishia simu.