Zimwi la Chuma

Kila Ijumaa baada ya swala, dada yangu Hajra alikuwa anaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume, nasi majirani wa Kaole tunasogea na ukili wetu wa mikeka kumsikiliza Yasmini. Binti yake huyo anafanya kazi za ndani Uarabuni, na siku hizo alikuwa anatutumia hadithi alizozirekodi kwa sauti yake. Ni ileile ya zimwi na ngoma tuliyokua nayo: mtoto anarudi pwani peke yake kufuata kombe lake la baharini alilolisahau, zimwi linamtia ndani ya ngoma, linamzungusha aimbe watu wacheze, mpaka mama yake anaitambua sauti, anamtoa, na mle ndani anajaza nyuki wa kuliuma zimwi. Ila zimwi la Yasmini ni la chuma, limetoka sayari nyingine, na ngoma yake ni chombo cha kioo kinachoruka angani.

Tamu hiyo! Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Ijumaa ile zimwi likaimeza pasipoti ya mtoto. Tukacheka. Kisha likamfungia hewa kwa sababu wimbo haukulipendeza. "Maskini!" akasema jirani yetu Mgeni. Mtoto akaimba tena, huku akiutazama mkono wake uliobabuliwa na pasi.

Hajra akaacha kusuka.

"Arafa," akaniambia taratibu, "kwenye chombo cha angani pasi inafanya nini?"

Nilitaka kumwambia hadithi ni hadithi, nikakumbuka simu za binti yake. Yasmini akipiga simu husema hajambo, anakula vizuri, na nyuma yake tunamsikia madamu wake akikohoa. Madamu huyo wazazi wake walitoka Unguja, Kiswahili anakielewa chote. Hadithi tu ndizo asizoziingilia, anaziona mambo ya kitoto.

Sauti ikaendelea, nyororo vilevile: "Ngoma ikafika kwao. Mama akausikia wimbo. Akaupenda, akacheza pamoja na wenzake."

Ikaishia hapo. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mgeni akaangua kilio, nikamziba mdomo, maana Hajra alikwisha kuichukua simu na kuanza kurekodi. Sauti aliifanya ya mtu anayecheka.

"Hadithi tamu, mwanangu, ila mwisho wake naujua mimi. Mama akaacha kucheza. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kutafuta nyuki."