Kipimo cha Dionizy

Mume wangu Dionizy walimpima kama wanavyompima bwana harusi anayeshonewa suti. Kiwanda chetu kilikuwa kinaunda ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, ya kwanza yetu ya injini ya jeti, isiyo na pangaboi, na kabla ya kukata bati seremala Gaweł aliijenga yote kwa mbao, ukubwa ule ule, ili wahandisi waone kama mtu anaenea. Mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Dionizy alikuwa mwalimu, basi kiti cha nyuma kikajengwa kwa mwili wake: goti lake, bega lake, urefu wa mkono wake. Majira yote ya baridi alishinda mle akinyoosha mikono kama mtu anayechuma tufaha.

Mimi nilikuwa nashona mikanda na mito ya viti, banda la pili.

"Njoo ukae, Loda," aliniita siku moja.

"Nikae kwenye sanduku lako? Mbao zitanichania soksi. Hizi nimezipangia foleni!"

Mwezi wa Juni wakampa ndege ya mizigo aipeleke kwenye maonyesho Uswidi. Ndege ilirudishwa na rubani msaidizi. Dionizy alibaki huko. Hakuniaga, hakuandika. Nilivunja sahani zetu za harusi kwa hasira, halafu nikaendelea kununua mkate wa watu wawili kama mjinga.

Vuli ilipoingia, Komredi Kotula, katibu wa chama pale kiwandani, akasimama mbele ya ndege ya mbao.

"Jeshi la wananchi halitakalia kiti cha mtoro."

"Ni mbao tu, komredi," mhandisi akasema.

"Mbao zenye umbo lake! Mpimeni mwingine."

Akaletwa Kapteni Fabisz, mfupi, mnene, mtu wa watu. Alipokaa, tumbo likagusa usukani na miguu ikaning'inia.

"Jamani, huyu bwana alikuwa korongo?" akauliza.

Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Gaweł aliambiwa akikate kiti baada ya chakula cha mchana.

Nilimkuta ameketi juu ya magogo, anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi. Yeye na Dionizy walikuwa chanda na pete.

"Shemeji, msumeno umeshaunoa?"

"Nimeunoa. Usinitazame hivyo, Loda, nina watoto."

"Sikuombi ukiache. Naomba nikae tu, mara moja."

Alitafuna kwanza. "Alikubembeleza weee, ukaringa."

"Niliringa. Sasa naomba."

"Na soksi?"

"Zichanike."

Akaniegemezea ngazi. Kiti kilinimeza. Miguu yangu haikufika kwenye pedali. Nikaegemea nyuma kama alivyokuwa akiegemea yeye, nikanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye mpini wa kuongezea nguvu ya injini. Nilinyoosha mpaka bega likauma. Vidole vikabaki hewani.

"Inama mbele kidogo, utafika!" Gaweł akaniambia kutoka chini.

"Niache, shemeji."

Nilikuwa nimeshaanza kumsahau. Sauti yake ndiyo iliyotangulia kunipotea, kisha namna alivyocheka, na nilikuwa naogopa kumwambia mtu. Sasa nilijua mkono wake ulikuwa unaishia wapi. Ulinizidi kiganja kimoja. Pale kati ya vidole vyangu na mpini ule palikuwa mahali pake, na baada ya mchana ule pasingekuwapo tena popote duniani. Nilimtaka arudi. Msaliti, mtoro, wamwite watakavyo, mimi nilimtaka mume wangu.

Gaweł akagonga ubao taratibu.

"Loda, shuka. Kotula na wenzake wanakuja."

"Waje," nikasema, mkono ukiwa bado umenyooka.